Dalali Hauzi Nyumba, Anauza Taarifa: Mambo Sita ya Kuchukua kwa Wauzaji wa Mtandaoni



Leo nawaomba dakika kumi tuongelee biashara ambayo wengi wakiisikia tu wananuna: udalali wa nyumba. Mimi ni dalali wa nyumba za kupanga. Tuko watatu kwenye kiofisi kimoja hapa Sinza, Dar es Salaam. Wenzangu wawili wanazunguka na wateja, mimi nakaa na rejista na kurasa zetu za mtandaoni. Najua unajiuliza, dalali wa nyumba na mimi ninayeuza magauni na vipodozi tunahusiana wapi? Tunahusiana sana. Soma mpaka mwisho.

Ipo hivi. Nyumba ninayoitangaza si yangu. Bei anapanga mwenye nyumba, ufunguo anao yeye, na kuna madalali wengine watatu au wanne wanaitangaza nyumba hiyo hiyo. Sasa mimi nauza nini? Nauza taarifa. Kwamba nyumba ipo, iko mtaa gani, ni shilingi ngapi, ina nini, haina nini, na kwamba leo hii, saa hii, bado haijachukuliwa. Taarifa ikiwa ya kweli, nakula. Ikiwa ya uongo, hata kama sikukusudia, kwa mteja mimi ni tapeli tu kama matapeli wengine.

Haya, jiangalie na wewe. Unapiga picha kwenye duka la jumla Kariakoo, unaposti, mteja akishalipa ndio unakimbilia mzigo. Mpaka hapo humiliki hata pea moja. Unachouza ni taarifa kwamba kiatu kipo, namba 39 ipo, nyeusi ipo, na bei haijabadilika. Ndugu yangu, wewe ni dalali mwenzangu! Na hata kama una stoku yako ndani, mteja wa mtandaoni hawezi kushika kitambaa wala kunusa manukato. Cha kwanza anachonunua ni maneno yako.

TAARIFA INAOZA KAMA NYANYA

Chumba masta kizuri cha bei ya kawaida kinaweza kutangazwa asubuhi kikachukuliwa jioni. Posti inabaki pale pale. Wiki mbili baadaye dada mmoja anaiona, anaomba ruhusa kazini, anapanda daladala kutoka Mbagala, anatoa hela ya kuzungushwa, anafika anaambiwa, "Hiyo imeshaenda, ngoja nikuonyeshe nyingine." Nyingine ni ghali zaidi na maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Huyo dada hatasema dalali alichelewa kufuta posti. Atasema ameibiwa, na atawaambia ofisi nzima.

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Nyumba ni 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita. Hiyo ni 1,500,000. Udalali kwa mazoea ya hapa mjini ni kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo ongeza 250,000. Mteja anatoa 1,750,000 kwa mkupuo. Kwa mtu wa kipato cha kawaida hiyo ni hela aliyoidunduliza kwa muda mrefu, au amekopa kwenye kikoba. Hela ya namna hiyo haitolewi kwa mtu anayebabaika. Akikuuliza "luku ni ya kujitegemea au ya kuchangia?" ukamjibu "nadhani ya kujitegemea", umeshampoteza. Hilo neno "nadhani" limefukuza wateja wengi kuliko bei.

MFUMO SI KOMPYUTA

Ukisema "mfumo wa taarifa" watu wanawaza kompyuta kubwa na programu ya mamilioni. Hapana. Mfumo ni majibu ya maswali manne: taarifa gani inaandikwa, nani anaiandika, inakaa wapi, na ikishaandikwa nani anafanya nini. Ofisi yetu ilianza na kaunta buku. Siku hizi tunatumia Google Sheets kwenye simu, ni ya bure, na wote watatu tunaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kilichobadilika ni karatasi tu. Maswali ni yale yale manne.

Madalali wa Marekani walilijua hili zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, kompyuta hazijazaliwa, walikuwa wanakutana kwenye ofisi za vyama vyao na kupeana habari za nyumba walizokabidhiwa kuuza. Makubaliano yalikuwa mepesi: nisaidie kuuza yangu, nikusaidie kuuza yako, udalali tugawane. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa Chicago mwaka 1908. Orodha zile zikaja kuwa kadi, zikawa vitabu, na mwisho zikaingia kwenye kompyuta. Angalia mpangilio wake: utaratibu ulitangulia, mashine ikafuata. Sisi wengi tunaanza na mashine. Tunapakua programu tano, baada ya wiki hakuna hata moja inayojazwa.

Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa twende kwenye mambo sita yenyewe.

1. Kila kitu kiwe na namba yake moja

Mwenye nyumba anaweza kukupa nyumba Jumatatu. Jumatano mwanawe anakupa ile ile kwa bei nyingine. Ijumaa dalali mwenzako anakutumia picha zake kwenye grupu. Usipokuwa macho, kwenye rejista una nyumba tatu na mtaani iko moja.

Zamani maelezo yalikuwa "geti jeusi, karibu na mashine ya kusaga". Mageti meusi Sinza yako mangapi? Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi imepata majina na nyumba zimepewa namba. Sisi tunaanza na hizo: jina la mtaa, namba ya nyumba, halafu herufi ya chumba. Kabla ya kuandika nyumba mpya tunaitafuta kwanza namba yake. Ikiwepo, tunarekebisha mstari uliopo. Hatuongezi mwingine.

Kwako wewe: kila bidhaa ipe namba na uiandike juu ya picha. Gauni ni G14, basi ni G14 kwenye daftari, kwenye posti na kwenye mfuko. Mteja akikuambia "nataka lile la bluu uliloweka juzi", mjibu kwa upole, "Naomba namba yake dada." Ugomvi wa "mimi nilitaka lile lingine" unapungua sana.

2. Kila taarifa iwe na tarehe na hali

Kwenye rejista yetu nyumba ina hali nne tu: IPO, IMESHIKWA, IMECHUKULIWA, HAIJATHIBITISHWA. Pembeni kuna tarehe ya mwisho tuliyothibitisha na jina la aliyetuambia. Kanuni yetu ni siku tatu. Siku tatu zikipita hatujaongea na mwenye nyumba, inahamia HAIJATHIBITISHWA na posti yake inashuka. Hata kama ni nyumba nzuri kiasi gani.

Kila asubuhi naanza na simu hizo. Dakika moja inatosha.

"Shikamoo mama. Kile chumba cha uani bado kipo?"

"Marahaba mwanangu. Kipo, ila sasa hivi hata miezi mitatu napokea."

Umeona? Nilipiga kuhakiki, nimerudi na habari ya kutangaza. Miezi mitatu badala ya sita inafungua mlango kwa wateja ambao jana walikuwa hawawezi.

Kwako wewe: kama unachukua mzigo kwa mtu, mpigie kabla hujaposti tena picha ya wiki iliyopita. Ukishauza, futa posti au andika IMEISHA siku hiyo hiyo. Kuna wanaoacha bidhaa iliyoisha makusudi ili kuvuta watu inboksi, halafu wawape nyingine. Mchezo huo ndio uliotuharibia jina madalali. Msiuige.

3. Swali la mteja liwe safu kwenye daftari

Rejista ya kwanza ilikuwa na mambo matatu: wapi, vyumba vingapi, bei gani. Leo ina safu nyingi, na karibu zote zimeletwa na wateja. Luku ni yake au ya kuchangia? Maji ni ya DAWASA au ya kisima, na kuna tangi? Fensi ipo? Gari inaingia? Kutoka kituo cha mwendokasi unatembea dakika ngapi? Mwenye nyumba anaishi humo humo? Anataka miezi mingapi?

Mwaka 2021 kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kupitia luku, wapangaji wakaanza kutuuliza, "Hela ya mwenye nyumba inakatwa kwenye umeme wangu, tunamalizana vipi?" Swali la haki kabisa. Tukaongeza safu: makubaliano ya kodi ya jengo. Siku hizi tunamuuliza mwenye nyumba kabla mpangaji hajauliza, na ugomvi wa mwezi wa kwanza haupo.

Kanuni ni hii: swali likiulizwa mara tatu na watu watatu tofauti, si usumbufu tena, ni safu. Kwako wewe inaweza kuwa urefu wa gauni kwa sentimita, kitambaa kinavutika au hakivutiki, tarehe ya mwisho ya kutumia mafuta, nauli ya kutuma Mwanza. Andika mara moja, ujibu kwa kunakili.

4. Hela na nafasi viandikwe dakika moja

Hapa ndipo watu wanapoumizana. Kuna kisa cha mtaa wa jirani, ofisi siitaji. Baba mmoja alitoa kishika nafasi cha nyumba Jumamosi jioni. Dalali akapokea, akasema Jumatatu wakaandikishiane mkataba. Mwenye nyumba hakuambiwa kitu. Jumapili dalali mwingine akaja na mteja mwenye kodi ya miezi yote mkononi, mama akasaini. Jumatatu yule baba anafika na vyombo viko kwenye Kirikuu! Chumba alichokuwa anakaa ameshakirudisha, mpangaji mpya anaingia siku hiyo hiyo. Kishika nafasi alirudishiwa, lakini usiku ule watoto walilala kwa ndugu na vyombo vikalala nje.

Hapakuwa na mwizi pale. Kila mmoja alikuwa na taarifa yake kichwani, basi. Taarifa ilikuwa kwa dalali wa kwanza, na iliyemhitaji ni mwenye nyumba.

Kwetu kishika nafasi kikipokelewa, mambo matatu yanafanyika kabla mteja hajainuka kwenye kiti: hali inabadilika kuwa IMESHIKWA, mwenye nyumba anapigiwa simu mbele ya mteja, na mteja anapata ujumbe wenye kiasi, namba ya nyumba na saa ambayo nafasi hiyo inaisha. Hilo la saa ya kuisha ni muhimu. Nafasi isiyo na mwisho inamfunga mwenye nyumba na inaleta maneno.

Kwako wewe: una gauni moja, watu wawili wametuma hela kwenye lipa namba ndani ya nusu saa. Nani analipata? Kama huna kanuni, utaamua kwa kuangalia nani unamwogopa. Weka kanuni leo: aliyelipa kwanza kwa saa ya muamala, na anayesema "niwekee" anawekewa mpaka saa fulani tu. Iandike juu ya ukurasa wako kila mtu aione.

5. Aliyekosa leo ni mteja wa kesho

Rejista yetu ina upande wa pili: wateja waliokosa. Anataka vyumba viwili, Kijitonyama au Mwenge, mwisho 400,000, ana gari, anahama mwisho wa mwezi. Nyumba mpya ikiingia, kabla sijaiposti natafuta kwanza huku. Mara nyingine posti haihitajiki kabisa.

Cha pili ni tarehe za mikataba. Kila mpangaji tuliyempeleka tunajua mkataba wake unaisha lini. Mwezi mmoja kabla, tunampigia: "Kaka, unaendelea au unahama?" Simu moja ina biashara mbili ndani yake. Kama anahama, yeye anatafuta nyumba, na nyumba anayoiacha inatafuta mtu. Dalali asiye na rejista anasubiri bahati, mwenye rejista ameshajua mwezi ujao una nini.

Kwako wewe: mama aliyenunua mafuta ya mtoto tarehe 3, chupa inamchukua wiki ngapi? Aliyekosa namba 41, namba 41 ikija unamkumbuka? Huna haja ya kutafuta wafuasi wapya kila siku wakati walioshakuamini hujawahi kuwapigia.

6. Taarifa za watu ni amana

Dalali anajua mambo mengi. Ana nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu, mahali mtu anapofanya kazi, na siku ambayo nyumba fulani haina mtu. Hizo zikizagaa, mtu anaweza kuibiwa au kuumizwa. Ndiyo maana kwenye grupu la madalali tunaweka nyumba, hatuweki namba ya mteja wala picha ya kitambulisho. Na aliyetoka ofisini kwetu anaondolewa kwenye rejista siku hiyo hiyo.

Hili pia ni la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ndugu zetu wa Kenya wana ya kwao ya mwaka 2019. Kwa muuzaji mdogo maana yake ya kila siku ni nyepesi: chukua taarifa unayoihitaji tu, itumie kwa kazi uliyoiombea, usimpe mwingine. Ile tabia ya kuposti skrinishoti ya muamala wa mteja na jina lake na namba yake ili kuonyesha kwamba unauza, iache. Funika jina, au muombe ruhusa kwanza.

MFUMO UNAKUMBUKA, HAUAMUI

Nisije nikaeleweka vibaya, kwamba ukishakuwa na daftari zuri biashara inajiendesha. Kampuni ya Zillow ya Marekani ina tovuti kubwa ya nyumba, na ilitengeneza programu ya kukadiria bei. Ikaingia kwenye kununua nyumba yenyewe ili iziuze tena. Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi wake, kwa sababu kukisia bei za mbele kulikuwa kugumu kuliko walivyotarajia. Hao wana data ambayo mimi na wewe hatutaipata maishani.

Somo ni kwamba rejista itakuambia nyumba ya mtaa huu mwezi uliopita ilikwenda kwa bei gani. Haitakuambia kwamba mwenye nyumba ana msiba na anataka hela wiki hii, au kwamba mteja anasema "nitarudi" huku macho yanasema sirudi. Hayo utayajua kwa kukaa na watu. Daftari linakupunguzia kukumbuka ili akili yako ibaki na nafasi ya kusoma mtu.

ANZA HIVI WIKI HII

Usinunue chochote. Chukua kaunta buku au fungua Google Sheets, chora safu saba: namba ya bidhaa, maelezo, bei, inatoka kwa nani, hali, tarehe ya kuthibitisha, jina la aliyelipa au aliyeshika nafasi. Ukurasa wa pili uwe wa waliokosa: jina, alitaka nini, bajeti, siku ya kumkumbusha.

Chagua mtu mmoja wa kuandika. Kama uko peke yako ni wewe, kama mko wawili mkubaliane leo. Weka saa moja maalumu ya kuhakiki kila siku, na usiivuke. Mimi yangu ni asubuhi kabla simu za wateja hazijaanza. Mama lishe anahesabu sahani jioni, na wewe hesabu taarifa zako.

Baada ya mwezi, pitia ukurasa wa waliokosa. Ukiona watu watano wamekosa kitu kile kile, tayari unajua mzigo unaofuata ni upi, na hujamlipa mtu kukufanyia utafiti.

Swali langu kwako: mteja akikupigia sasa hivi akakuuliza kama ile bidhaa uliyoposti wiki iliyopita bado ipo, utamjibu kwa daftari au utamjibu "nadhani"?

Niandikie hapo chini unauza nini na unatunza vipi rekodi zako, tusaidiane. Na kama una mwenzako anayehangaika na oda zinazogongana, mtumie hii. Biashara njema wote.